Kufarijiwa na Kufariji: Mwongozo kwa Mkristo Wakati wa Dhiki

Mkristo anayepita katika ugonjwa wa muda mrefu, msiba, kuachishwa kazi, kuvunjika kwa ndoa au upweke wa ugenini hukabiliwa na maswali mawili: apate wapi nguvu ya kuendelea, na awezeje kuwafaa wengine hali yeye mwenyewe amechoka. Mara nyingi maswali hayo hujibiwa mbalimbali, la kwanza kwa kumhimiza mtu azidishe maombi peke yake chumbani, na la pili kwa kumtaka asubiri hadi mambo yake yatengemae ndipo awakumbuke wenzake. Mtume Paulo, katika sura ya kwanza ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa anaeleza kwamba Mungu humfariji mtu katika dhiki ili mtu huyo naye awafariji walio katika dhiki za kila namna kwa faraja ileile aliyoipokea. Wala Paulo hakuyaandika hayo akiwa amestarehe, kwani katika sura hiyohiyo anakiri kwamba yeye na wenzake walilemewa kupita kiasi huko Asia hata wakakata tamaa ya kuishi.

Kwa neno faraja, makala hii inakusudia tegemeo linalomwezesha mtu kusimama tena na kushika wajibu wake hata pale ambapo chanzo cha maumivu bado kipo. Faraja ya namna hiyo ni amana: hupokewa kutoka kwa Mungu, mara nyingi kwa mikono ya watu, na hukamilika inapokabidhiwa mtu mwingine. Anayeelewa hivyo haoni aibu kuipokea, wala haisubiri ijae ndipo aanze kuigawa.

Kumwambia Mungu ukweli

Hatua ya kwanza ya anayeumia ni kuacha kumficha Mungu maumivu yake. Kitabu cha Zaburi kina zaburi 150, na takriban theluthi moja ya hizo huitwa na wataalamu wa Biblia zaburi za maombolezo, yaani sala ambazo ndani yake mtu au taifa linamlilia Mungu, linamweleza shida yake bila kuipaka rangi, na kumwomba atende jambo. Nyingi kati yake hufuata mpangilio unaofanana: mwombaji humwita Mungu, humweleza malalamiko, hutoa ombi, hukumbuka wema wa Mungu wa siku zilizopita, kisha hutamka tumaini au kuahidi sifa. Zaburi ya 13, yenye aya sita tu, inapita katika safari hiyo yote kwa ufupi, na kwa sababu hiyo inamfaa mtu ambaye huzuni imemmalizia nguvu za kusoma sura ndefu.

Wako wanaoogopa kwamba kulalamika mbele za Mungu ni dalili ya kukosa imani, na woga huo huwafanya waimbe nyimbo za ushindi kanisani huku wakilia usiku kitandani. Biblia yenyewe inatofautisha mambo mawili. Manung'uniko ya Waisraeli jangwani, yanayosimuliwa katika Kitabu cha Hesabu, yalikuwa maneno ya kumsema Mungu na kumlaumu Musa kando. Maombolezo ni maneno anayoambiwa Mungu mwenyewe na mtu ambaye bado anaamini kwamba anasikilizwa. Ndiyo sababu mwishoni mwa Kitabu cha Ayubu Mungu anatamka kwamba Ayubu, aliyelalamika kwa uchungu mkubwa, ndiye aliyenena yaliyo sawa, na rafiki zake waliojifanya watetezi wa Mungu ndio waliokosea. Yesu mwenyewe alipokuwa msalabani alilia kwa maneno ya mwanzo wa Zaburi ya 22, ambayo ni ombolezo.

Kwa vitendo, anayeumia anaweza kusoma Zaburi ya 13 kwa sauti, kisha akaandika sala yake mwenyewe kwa kufuata hatua zilezile, akitaja jambo lenyewe kwa jina lake, liwe ni deni, matokeo ya vipimo au usaliti wa mtu wa karibu. Ikiwa hawezi bado kufika kwenye hatua ya sifa, asijilazimishe, kwa maana Zaburi ya 88 inamalizikia gizani bila kugeuka kuwa furaha, na hata hivyo waliokusanya Maandiko waliihifadhi iwe sala ya waamini wote.

Mwili unaobeba imani

Hatua ya pili ni kuuhudumia mwili, jambo ambalo mahubiri huligusa kwa nadra. Sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme inamwonyesha nabii Elia, aliyetoka kuwashinda manabii wa Baali pale Karmeli, akiwa amekimbia vitisho vya malkia Yezebeli, ameketi chini ya mretemu jangwani na kuomba afe. Mpangilio wa huduma aliyopewa una mafunzo mengi: kwanza alilala, kisha malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akalishwa tena, baadaye sana, huko Horebu, ndipo alipoulizwa swali na kuachwa aeleze uchungu wake mara mbili, na mwisho alipewa kazi ya kufanya pamoja na habari kwamba hakuwa peke yake, kwani walikuwapo watu 7,000 wasioabudu Baali, na Elisha angekuwa mrithi wake. Usingizi na chakula vilitangulia mafundisho.

Kwa hiyo mtu aliye katika dhiki asione kwamba kula kwa wakati, kulala, kuoga, kutoka nje na kutumia dawa alizoandikiwa ni mambo ya kidunia yaliyo chini ya maombi. Zaidi ya hayo, ni lazima itambuliwe hali inayoitwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, unaomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nia ya kufanya hata yale aliyokuwa akiyapenda. Sonona si adhabu ya dhambi wala kipimo cha imani, na hutibika. Huzuni ya namna hiyo inapoendelea kwa majuma mawili au zaidi, yafaa mtu apelekwe kituo cha afya au hospitali huku akiendelea kuombewa. Na anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake hata kidogo, bali afikishwe kwa wahudumu wa afya siku hiyohiyo.

Kuomba msaada ulio bayana

Hatua ya tatu ni kukataa kujitenga. Usiku wa kuamkia mateso yake, Yesu aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana waende naye hatua chache mbele ya wengine katika bustani ya Gethsemane, akawaambia wazi jinsi alivyohuzunika, na akawaomba wakeshe pamoja naye. Walisinzia. Katika tukio hilo anayeumia anajifunza kwamba kuhitaji watu si udhaifu wa kuonewa haya, kwamba haimpasi kumweleza kila mtu siri yake, na kwamba hata marafiki wema huchoka wasiweze kutoa yote yaliyotarajiwa kwao. Ni busara kuwachagua watu wawili au watatu wanaojua kutunza siri, ili mmoja akishindwa mwingine awepo.

Ombi lenyewe liwe bayana. Paulo, akiwa kifungoni na kifo kikimkaribia, alimwomba Timotheo mambo yanayohesabika: aje kabla ya majira ya baridi, amletee joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa pamoja na vitabu, na aje na Marko. Marko huyo ndiye ambaye Paulo aliwahi kukataa kusafiri naye, hata yeye na Barnaba wakatengana kwa ajili yake, na sasa alikuwa msaada uliotamaniwa. Mtu anayesema anahitaji maombi tu, huku watoto wake hawana daftari za shule, huwanyima ndugu zake nafasi ya kumtumikia.

Namna ya kumfariji mwenzako

Kwa upande wa mfariji, kiini cha kazi yake ni kuwapo. Elifazi, Bildadi na Sofari husemwa vibaya kwa sababu ya hotuba zao, lakini mwanzo wao ulikuwa mzuri: waliacha shughuli zao, wakasafiri kwenda kwa Ayubu, wakalia, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu. Walipotea walipoanza kuyaeleza mateso ambayo hawakujua sababu yake. Katika sura ya 11 ya Injili ya Yohana, Yesu alilia kabla ya kufika kaburini pa Lazaro, ingawa alijua kwamba baada ya muda mfupi angemfufua. Tumaini alilokuwa nalo halikumzuia kulia na waliao.

Mfariji anayeongozwa na mfano huo hujizuia kutamka kauli zinazofunga mazungumzo, kama vile kumwambia mfiwa asilie kwa sababu marehemu yuko mahali pazuri, kumwambia mama aliyeharibikiwa na mimba kwamba bado ana umri wa kuzaa, kumkumbusha mgonjwa kwamba wako waliopata makubwa kuliko yeye, au kudai kwamba imani yake ingekuwa thabiti angekwisha pona. Hata ile kauli kwamba ni mapenzi ya Mungu, ambayo mfiwa akiitamka mwenyewe huweza kuwa ukiri wa imani, huwa jiwe inapotupwa na mtu ambaye hakufiwa. Mahali pa kauli hizo panafaa pole iliyo fupi, kimya, swali linalomwachia mwenye shida aseme anachotaka, na kumtaja marehemu kwa jina lake badala ya kumkwepa. Sala ya mfariji nayo iwe fupi na itolewe kwa ridhaa ya anayeombewa, iyarudie mambo aliyoyasema yeye, na isigeuzwe kuwa mahubiri ya kumsema huku macho yamefumbwa.

Mila za Afrika Mashariki zina hazina kubwa katika jambo hili. Katika matanga, yaani siku za kukaa na wafiwa baada ya kifo, majirani hulala msibani, wanawake hupika kwa zamu, vijana hukesha, na rambirambi huandikwa daftarini ili familia isibaki na gharama peke yake. Udhaifu wake huonekana matanga yanapoanuliwa, kwa maana watu wote huondoka siku moja na mjane huamkia nyumba iliyo kimya, hali huzuni yake ndiyo kwanza inaanza kutulia kuwa ukweli wa kila siku. Ushauri ulio muhimu kwa kila kanisa ni kuwa na kalenda ya wafiwa: mtu apangiwe kumtembelea mfiwa baada ya mwezi mmoja, shule zinapofunguliwa na karo inapodaiwa, wakati wa Krismasi ya kwanza bila marehemu, na siku mwaka unapotimia.

Msaada wa mikono huthibitisha maneno. Waraka wa Yakobo, katika sura ya pili, unamkemea anayemtakia mwenye njaa joto na shibe bila kumpa mahitaji ya mwili. Mfariji anayesema kwamba mwenzake amwambie akihitaji kitu humwongezea kazi ya kufikiri na aibu ya kuomba; anayesema kwamba Jumatano atakuja kufua nguo, au atamsindikiza kliniki, au atakwenda naye kufuatilia cheti cha kifo na mambo ya mirathi, amekwisha anza kusaidia. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kufaa huko hupimwa kwa kazi iliyofanyika.

Swali la kawaida hapa ni kiasi cha kusaidia. Sura ya sita ya Waraka kwa Wagalatia inaagiza Wakristo wachukuliane mizigo, na aya chache baadaye inasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Maagizo hayo mawili hayapingani kwa anayejua jinsi kuni zinavyobebwa: mzigo mzito wa kichwani hauinuliki na mtu mmoja, kwa hiyo mwenzake huinama akamtwisha, kisha mwenye mzigo hutembea nao, na akichoka njiani hutuliwa apumzike kabla ya kutwishwa tena. Mfariji hutwisha na kutua. Hafanyi maamuzi yote ya maisha ya mwenzake, wala hamfanyi awe mtegemezi wake.

Kundi dogo kama nyumba ya faraja

Mtu mmoja, hata akiwa mwema kiasi gani, hawezi kuitosheleza dhiki ya wengi, na historia ya Kanisa katika eneo hili inaonyesha vielelezo viwili vya kushirikiana. Cha kwanza ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani makundi ya kaya chache za jirani zinazokutana nyumbani kwa zamu kusali, kusoma Neno na kuhudumiana. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wanaokutana chini ya shirikisho la AMECEA lililoanzishwa mwaka 1961, waliziweka jumuiya hizo katika mipango yao kwenye mkutano mkuu wa 1973, na mwaka 1976 wakafanya ujenzi wake kuwa mada ya mkutano wao. Nyingi hutumia njia ya hatua saba iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma andiko, kurudia maneno yaliyogusa, kukaa kimya, kushirikishana kilichosikika moyoni, kujadili kazi ambayo kundi linaitiwa, na kuomba kwa pamoja. Hatua ya sita ndiyo inayozuia faraja isiishie mdomoni, kwa sababu hapo wanajumuiya hupanga ni nani atakwenda kwa mgonjwa na atakwenda na nini. Kundi la dhehebu lolote laweza kuifuata njia hiyo.

Cha pili ni Uamsho wa Afrika Mashariki, harakati ya kiroho ndani ya makanisa ya Kiprotestanti iliyoota mizizi Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Washiriki wake, wanaojulikana Uganda kwa jina la Balokole, yaani waliookoka, walikutana katika vikundi vya ushirika ambamo waliungama makosa yao wazi na kuitana ndugu bila kujali kabila wala rangi. Nguvu ya malezi hayo ilionekana Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin. Mwili wake haukukabidhiwa kwa Kanisa uzikwe kwenye kanisa kuu la Namirembe, lakini waamini walikusanyika huko kwa wingi hata hivyo, penye kaburi lililochimbwa likabaki tupu, wakaimba habari za ufufuo. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyelazimika kukimbilia uhamishoni, aliandika mwaka huohuo kitabu cha kutangaza kwamba anampenda Idi Amin, kwa sababu aliona kwamba chuki ingemfanya awe mfungwa wa yule aliyemkimbia. Msamaha huo haukuyaita mauaji jambo jema, wala haukumzuia kuyasema hadharani.

Vielelezo vyote viwili vina hatari ambayo viongozi wa vikundi yawapasa kuikabili. Siri iliyosemwa katika sala ya pamoja ikikutwa sokoni kesho yake, kundi limeua imani ya wanachama wake. Kwa hiyo kila kundi liwe na kanuni inayotamkwa mara kwa mara kwamba yaliyosemwa hayatoki, na mambo mazito, kama ya ndoa au unyanyasaji, yazungumzwe kwanza na mtu mmoja mwaminifu, yasianikwe mbele ya wote.

Mipaka isiyovukwa

Faraja ya kweli ina mipaka inayoilinda. Mhudumu yeyote anayemwagiza mgonjwa aache dawa za kifafa, kisukari au Virusi vya Ukimwi ili kuthibitisha imani yake anahatarisha uhai ambao Mungu ameutoa, na anayemtaka mwenye shida alipe fedha au anunue mafuta na maji ili aombewe anaifanya huzuni kuwa biashara. Vivyo hivyo, mtu anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie kwa sababu mapenzi huvumilia yote. Kinachotangulia ni usalama wake na wa watoto, na nchini Tanzania yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi kwa ajili ya kesi kama hizo. Mchungaji au mwanajumuiya anayemsindikiza hadi huko ametoa huduma ya Kikristo kamili.

Mfariji naye ana mipaka yake. Anayebeba misiba ya wengi bila kupumzika huishia kuwa mkali au mkavu wa moyo, na injili ya Marko inasimulia kwamba Yesu aliwaita wanafunzi wake waende kando wapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Zamu, mapumziko na mtu wa kumweleza yaliyo moyoni ni sehemu ya huduma.

Kuipitisha amana

Linabaki swali la wakati: aliyefarijiwa aanze lini kuwafariji wengine? Hahitaji kungoja hadi apone kabisa, lakini hapaswi pia kuyafanya maumivu ya mwenzake kuwa nafasi ya kusimulia yake. Kanuni iliyo salama ni kutanguliza masikio, na kuyasimulia ya kwake kwa kifupi pale tu anapoulizwa au anapoona kwamba yatampunguzia mwenzake upweke. Anaweza kuanza na mambo madogo, kama kumwombea mtu mmoja kwa jina kila asubuhi, kumpigia simu mgonjwa, au kuketi karibu na mgeni kanisani. Onesiforo, anayetajwa katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, hatujulishwi kwamba alihubiri lolote. Anakumbukwa kwa sababu alimtafuta Paulo kwa bidii Rumi hadi akampata, wala hakuionea haya minyororo yake.

Msomaji anayetaka kuyatumia mashauri haya anaweza kuanza ndani ya juma moja kwa kufanya mambo mawili: amweleze mtu mmoja anayemwamini ukweli wa hali yake na kumwomba msaada mmoja unaotajika, kisha amwendee mtu mmoja mwenye shida akiwa na muda wake na mikono yake. Anayekuwa na la kwanza tu atachoka kupokea, na anayekuwa na la pili tu atachoka kutoa. Anayeyashika yote mawili ataona kwamba Mungu anamtunza kupitia wengine, na kwamba naye, pamoja na majeraha yake, ni miongoni mwa watu ambao Mungu anawatumia kuwatunza wengine.